Mafuta Yaliyonifuata Mpaka Ziwani

Kama tumbo lako linakua, na umri wa kuzaa umeshaupa kisogo, nisikilize mimi kwanza kabla hujawasikiliza majirani. Majirani zangu ni watu wa sala, wananipenda kweli, na nusura waniue kwa vigelegele.

Naitwa Mama Kandida. Naishi Ruanda, kijiji cha huku Mbinga, juu mlimani, kwenye nyumba yenye kahawa mbele na mashimo ya ngoro nyuma tunakolima mahindi na maharage. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, na nimekuwa mwenyekiti miaka mingi kwa sababu kila uchaguzi ukifika watu wanaangalia chini. Kuzaliwa nilizaliwa Mbaha, ziwani, kwa Waanglikana. Nikaolewa huku kwa Wamatengo, nikabadili kanisa, nikajifunza kulima kwenye mteremko bila kubingirika. Kitu kimoja tu sikubadilisha, mdomo. Mume wangu, Baba Kandida, ni mtu wa maneno machache mno. Ukimsikia amesema sentensi mbili mfululizo, ujue ng'ombe wa mtu ameingia kwenye kahawa. Kwa hiyo mimi nasema yangu na ya kwake.

Ilianza msimu wa kuchuma kahawa. Niliona kitenge hakizunguki. Nikasema nimenenepa, nikafurahi, maana mwanamke wa kijijini akinenepa mume anasifiwa. Lakini uso ulikuwa unakonda. Mikono inakonda, mashavu yanaingia ndani, tumbo linatangulia mbele yangu kama linawahi foleni. Nikiinama kuokota kahawa zilizodondoka, kitu kinanisukuma kutoka ndani kwenda juu, pumzi inakata.

Siku moja tumemaliza sala ya jumuiya kwangu, Mama Bruno akabaki nyuma. Mama Bruno ni jirani yangu na ndiye katibu wetu, mwanamke mwenye imani kubwa na haraka kubwa zaidi.

"Mwenyekiti, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza. Nikikasirika utaona."

"Siku zako bado unaziona?"

"Siku zangu zilishaniaga zamani, na wala sikuzisindikiza."

Akanishika mkono. Macho yakamjaa machozi. "Hata Elisabeti zilishamuaga," akasema.

"Mama Bruno, Elisabeti hakuwa na mtoto. Mimi ninao wanne, na wa kwanza ana watoto wake. Mungu anitafute mimi ana shida gani?"

"Usimpangie Mungu," akasema, na kabla sijajibu akapiga kigelegele. Wenzake walikuwa hawajafika hata barabarani, wakarudi mbio. Wiki iliyofuata tulisoma Luka, sura ya kwanza, pale Elisabeti anapopata mimba uzeeni, na hakuna aliyeniangalia usoni, wote walikuwa wanaangalia tumbo.

Wewe unayesoma utasema, mbona hukukataa? Nitakwambia ukweli. Moyoni nilifurahi kidogo. Nilishajiona mtu aliyebaki wa kulea wajukuu na kukusanya michango, sasa ghafla wazee wananipisha kwenye benchi kanisani. Baba Kandida naye alianza kuteka maji bila kutumwa. Siku ya soko akarudi na kifuko cha udongo wa kula, ule wanaoutafuna wajawazito, akakiweka mezani bila kusema neno, akatoka. Miaka thelathini na zaidi ya ndoa, hajawahi kuniletea hata pipi. Ningekataaje?

Aliyetuamsha ni Kandida mwenyewe, binti yetu wa kwanza, anayeshona nguo Mbinga mjini. Alikuja kutusalimia, akaniona, akaweka mkoba chini. "Mama, umeenda hospitali?" Nikamwambia nina Elisabeti. Akasema, "Kesho asubuhi tunaondoka, na huyo Elisabeti wako."

Mbinga hospitali, mtu wa mapokezi aliniangalia tumbo tu, hakuniangalia uso, akanipeleka foleni ya wajawazito. Nikakaa benchi na mabinti ambao ningeweza kuwa bibi yao. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo bibi. Umemsindikiza nani?"

"Marahaba. Nimejisindikiza mwenyewe."

Akanisogelea, akanipisha upande wa ukutani niegemee, akanipa nusu ya chapati yake. Sikumwona tena, na mpaka leo namwombea. Kwenye mabenchi ya hospitali ndiko nilikojifunza kwamba mtu asiyekujua anaweza kukuhurumia kuliko ukoo mzima. Ukifika huko, usikae kwa kununa. Salimia watu.

Ndani, daktari kijana akanipaka kitu cha baridi tumboni, akapitisha kile kifaa cha altrasaundi, akanyamaza. Mimi ukimya siuwezi.

"Anaonekana?"

"Mama, simwoni mtoto."

"Tafuta vizuri, labda amegeuka."

"Mama yangu, hakuna mtoto." Akaweka kifaa chini. "Huu ni uvimbe. Uko kwenye kifuko cha mayai, na ni mkubwa. Unatakiwa utolewe."

"Ni ule mbaya?"

"Siwezi kusema mpaka utoke, tukate kipande kipelekwe kupimwa. Lakini nakuomba usikae nao. Kama ni mbaya, kila wiki unayokaa nyumbani inakupunguzia nafasi ya kupona."

Akanipangia kwenda hospitali kubwa ya misheni wiki iliyofuata. Tulirudi Ruanda kimya, na kwa mara ya kwanza ule ukimya ulikuwa wangu. Kandida ndiye aliyemweleza baba yake. Baba Kandida alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kile kifuko cha udongo juu ya meza, akautupa udongo wote kwenye migomba, akarudi, akakaa. Hatukutazamana.

Sasa hapo ndipo panapoanza ujinga wangu, na ndicho hasa nilichotaka kukusimulia.

Mimi uvimbe sikuuogopa sana. Kisu nilikiogopa kiasi. Kitu nilichokiogopa kufa ni mafuta. Nazungumzia Mpako wa Wagonjwa, ile sakramenti Padre anakuja na kichupa, anakupaka kwenye paji la uso na viganjani, anakuombea. Kwenye jumuiya yetu kazi ya kwenda kumwita Padre ni ya mwenyekiti, na sisi tuna utaratibu wetu. Mtu akiugua, kwanza anakunywa mizizi ya nyumbani. Akizidiwa, dawa za dukani. Akizidiwa zaidi, hospitali. Akishaanza kutaja majina ya watu waliokufa zamani, ndipo mwenyekiti anatumwa mbio akamlete Padre. Kwa hiyo kila niliyempelekea Padre, nilimzika. Kila mmoja! Ilifika mahali wagonjwa wananiogopa. Mzee mmoja aliniona natokeza kwenye kona na pikipiki ya Padre nyuma yangu, akanyanyuka kitandani, akatangaza amepona, akaenda kujifungia chooni. Tulimbembeleza atoke mpaka Padre akaondoka. Alikufa wiki ileile, lakini kwa ridhaa yake, bila mafuta.

Basi Mama Bruno, kwa mapenzi yake yale yale, akampigia Padre simu. Padre akasema atakuja kesho yake baada ya misa ya asubuhi kunipaka mafuta kabla sijaenda kupasuliwa.

Mchana huo nimekaa barazani, naona vijana wanashusha kuni uani kwangu. Mkokoteni mzima. Nyuma yao Mama Bruno na masufuria makubwa mawili ya jumuiya, na nyuma yake mtu kabeba turubai.

"Mama Bruno, kuni hizi za nini?"

"Za chai ya Padre."

"Padre mmoja anakunywa chai ya mkokoteni?"

"Na wewe mwenyekiti kwa maswali! Akija na wageni je?"

"Na turubai?"

Akaangalia juu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu. "Jua," akasema. "Jua litakuwa kali."

Lile turubai nalijua, nimelifunga mwenyewe kwenye misiba yote ya kitongoji chetu. Nikaona kabisa jinsi kesho yake watu watakavyokaa chini yake wakila maharage na kunisifia upole, mimi ambaye sijawahi kuwa mpole hata siku moja. Hapana, nikasema. Thubutu.

Kulipopambazuka nikamwambia Baba Kandida naenda kumsalimia kaka yangu Mbaha. Akaniangalia. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nikajifunga vitenge viwili, nikatembea mpaka barabarani, nikapanda bodaboda ya kushuka ziwani. Dereva aliona tumbo akaendesha taratibu hata kuku walitupita. "Mama, ukisikia uchungu nistue nisimame." Nikamwambia akisimama nitamzalia hapohapo, aongeze mwendo. Simu nikaizima. Siku ya hospitali ilikuwa keshokutwa yake, na nilijua naiacha ipite. Nilijiambia, bila mafuta hakuna kifo, yule mzee wa chooni nikajisahaulisha. Akili ya mgonjwa ni kitu cha ajabu, inaweza kukimbia dawa na ikajisifu kwamba imemkimbia muuaji.

Kaka yangu Danieli anavua usipa, wale dagaa wa ziwani, na ni mzee wa kanisa lao la Anglikana. Alinikuta nashuka, akapokea mzigo, akaniangalia katikati. "Shikamoo kaka," nikasema, "na usiniambie hongera." Nikamweleza kwamba nimekuja kupumzika, hewa ya ziwa itanisaidia. Siku mbili za kwanza nilikuwa kama binti aliyerudi likizo. Ugali wa muhogo, usipa wa kukaanga, upepo. Watu wa pwani ile wanaongea kama mimi, wote kwa pamoja. Lakini usiku nikilala chali sipumui, nikilala ubavu kitu kinaanguka upande huo kinanivuta, na siku ya tatu, siku ile ya hospitali ilipopita, maumivu yalinijia asubuhi nikashika nguzo ya nyumba huku nimeuma meno. Nilikuwa ninakufa, na nilikuwa nimesafiri kwa nauli yangu ili nife mbali na daktari. Hilo nililiona waziwazi pale kwenye nguzo. Bado sikuwasha simu.

Jumapili kaka akaenda kanisani, mimi nikabaki. Sikujua kwamba Baba Kandida ameshampigia kaka simu, na kaka amemweleza kasisi wao. Mchana nikaona mzee mmoja wa kanzu anashuka kwenye baiskeli uani, anatoa kwenye mkoba kichupa kidogo, anakiangalia juani kama kinatosha.

Yesu na Maria! Nikasahau kabisa kwamba Waanglikana wa ziwani nao wana mafuta. Nimezaliwa kwao, nimebatizwa kwao, na nilisahau! Nikakimbilia jiko la nje, nikajibanza nyuma ya chanja ya kukaushia usipa. Mtu mwembamba angejificha. Mimi tumbo liliingia chini ya chanja, mgongo ukabaki nje, na nilipojaribu kujivuta chanja ikainuka, usipa wote ukamwagika, kuku wa kijiji kizima wakafika kwenye karamu. Nikamkumbuka Yona. Yeye alimkimbia Mungu akaishia tumboni mwa samaki. Mimi nilikimbia nikaishia katikati ya samaki, na tumbo nimelibeba mwenyewe.

"Bwana asifiwe, dada," sauti ikasema mlangoni. "Huko ni jikoni kwako au kwa kuku?"

"Amina, baba kasisi. Natafuta chumvi."

"Tafuta bila haraka. Mimi nitakaa hapa nje." Na kweli akakaa kwenye kigoda, akaomba muhogo wa kuchoma, akaanza kula taratibu. Alikuwa anawafukuza kuku kwa mguu na kula. Ningefanyaje? Nilitoka na magamba kwenye nywele, nikakaa mbele yake.

"Nimeambiwa wewe ni mwenyekiti wa jumuiya kule juu," akasema.

"Ndiyo. Na wote niliowapelekea mafuta walikufa. Kwa hiyo ahsante sana baba, chupa yako rudisha mkobani."

Hakucheka. "Uliwapelekea siku gani? Wakiwa wanaanza kuumwa, au wakiwa wanamaliza?"

Nikaanza kutoa magamba kwenye nywele.

Akafungua Biblia, akanipa nisome mwenyewe kwenye Waraka wa Yakobo, pale mgonjwa anapoambiwa awaite wazee wa kanisa waje wamwombee na kumpaka mafuta. Nikamwambia hapo napajua kwa moyo, nimepasoma kwenye nyumba za watu. Akasema, "Endelea, usiishie kwenye mafuta." Nikaendelea. Kumbe mbele yake pameandikwa kwamba Bwana atamwinua mgonjwa. Atamwinua! Wala hapakuandikwa turubai. Mimi mstari ule siku zote nimeusoma kwa sauti ya msiba, polepole, huku nahesabu moyoni sahani za jumuiya kama zitatosha. Sikuwahi kumsikia Yakobo anavyomwambia mgonjwa aite watu mapema, akiwa bado ana nguvu ya kuita.

Nikalia. Nikamwambia, "Baba kasisi, naogopa kufa." Nilikuwa sijamwambia mtu. Si Kandida, si mume wangu. Nilikuwa nimefanya vichekesho tangu msimu wa kahawa ili neno hilo lisinitoke.

"Najua," akasema. "Ungekuwa huogopi usingeingia chini ya chanja."

Akanipaka paji la uso, akanipaka viganja, akaniombea kwa jina langu la ubatizo ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Nikaingia ndani, nikajinyoosha mkekani, nikafumba macho nisubiri. Nilikaa hivyo kwa adabu kabisa, mikono kifuani. Kifo hakikuja, ikaja njaa. Nikaita, "Kaka, kuna ugali umebaki?"

Niko kwenye tonge la tatu, gari la parokia yetu likaingia uani. Akashuka Padre wetu, akashuka na Baba Kandida kavaa koti lake la harusi za watu. Padre alisimama akamwona kasisi, kasisi akamwona Padre.

"Nimemfuata kondoo wangu," Padre akasema kwa heshima.

"Alizaliwa kwenye zizi letu," kasisi akajibu, naye kwa heshima.

Kaka yangu akauliza, "Sasa mtamgawana?"

Wote wakacheka, na mambo yakaisha hapo. Padre alisema sala za ndugu yake zimeshafika, lakini yeye ametoka mbali na chupa yake. Nikapakwa tena. Sidhani kama yupo mtu mwingine Ruvuma nzima aliyewahi kung'aa namna ile siku moja. Na safari hii sikukimbia, nilinyoosha viganja mwenyewe.

Kisha Baba Kandida akasogea. "Panda gari," akasema. Nikadhani ndiyo mwisho. Akameza mate, akaongeza, "Tafadhali." Neno hilo sikujua kama analo. Nilipanda haraka kabla hajalirudisha.

Hospitali ya misheni walinigombeza kwa kuchelewa, wakanipokea, wakaniwekea dripu. Siku ya upasuaji nilisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido ndefu, naangalia dari. Nikamkumbuka yule mgonjwa wa kupooza ambaye rafiki zake walimpandisha juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Biblia haisemi kama naye alikuwa na imani. Inasema Yesu aliiona imani ya wale waliombeba. Nilifarijika sana, kwa sababu ya kwangu siku ile niliitafuta sikuiona. Nikamwambia Mungu aangalie ya Mama Bruno, ile ni kubwa inatosha watu wawili. Ukiwa kitandani na sala hazitoki, usijilaumu. Siku hiyo wewe ni mzigo, waache wenzako wabebe.

Niliamka nina kiu, tumbo limelala bapa, mshono kutoka kitovuni kwenda chini. Nesi akanionya: "Hakuna kula wala kunywa mpaka utoe hewa."

"Hewa gani? Si napumua?"

Akaninong'oneza. Nikamwelewa. Baada ya kupasuliwa tumbo, lazima matumbo yaamke, na dalili ya kuamka kwake ni moja, wewe unaijua. Basi kila nesi anayeingia zamu anauliza kwa sauti wodi nzima isikie, "Mama Kandida, tayari?" "Bado." Siku ya kwanza bado. Siku ya pili bado, na tumbo limejaa kama ngoma. Jumuiya ilikuja kunitembelea, kina mama wanane na rozari zao. Mama Bruno akauliza waombee nini. Nikaona aibu. Baba Kandida, mtu asiyesema, ndiye aliyesema: "Ajambe."

Jamani. Mama Bruno hakutikisika. Akafumba macho, akaanza: "Ee Bwana, uliyeifungua Bahari ya Shamu…" Mimi nikaanza kucheka. Mshono unauma, naomba wanyamaze, hawanyamazi, kitanda cha pili wanacheka, mgonjwa wa mlangoni aliyekuwa hajaongea tangu juzi anacheka. Na katikati ya kicheko hicho, mlango wa Bahari ya Shamu ukafunguka. Kina mama wakapiga vigelegele. Nesi akaja mbio, akasikia habari, akasema kwa sauti ya kazi kabisa, "Hongera mama, mleteeni uji." Uji ule wa mahindi usio na sukari ulikuwa mtamu kuliko pilau ya harusi yangu.

Nikarudi nyumbani na mvua za kwanza. Lakini kile kipande kilikuwa kimepelekwa mbali kupimwa, na majibu yalikuwa hayajaja. Hicho ndicho kipindi kilichonichosha. Uvimbe umetoka na hujui kama umeacha mbegu. Watu wanakupongeza na wewe huna uhakika unapongezwa kwa nini. Nilikatazwa kuinama, kubeba, kulima. Wengine wanapanda mahindi kwenye ngoro, mimi nimekaa barazani nawasimamia kwa mdomo, mpaka Baba Kandida akahamishia kiti changu upande wa pili wa nyumba ambako hapaonekani shamba. Tuligombana. Ugali wake una madonge, nikamwambia. Akala mwenyewe, akanipikia mwingine una madonge vilevile. Nilikuwa nalia kwa vitu vidogo, kitenge kinachonipwaya, nywele zinazobaki kwenye kitana. Siku nyingine nilikuwa mkali hata Kandida akasema afadhali nilipokuwa na Elisabeti.

Jumuiya wakaamua kusalia kwangu kila wiki. Mama Bruno akaongoza badala yangu. Mara ya kwanza nilitaka kumsahihisha kila mstari, kisha nikachoka nikasikiliza. Nilikuwa sijawahi kusikiliza Neno, nilikuwa nalisoma tu kwa wengine. Nilisikia Elia alipochoka akatamani kufa, na Mungu hakumhubiria, alimtumia mkate na maji akamwacha alale tena. Nikasema moyoni, kumbe na yale madonge ya Baba Kandida ni huduma. Nikaanza kuyala.

Na kitu kingine kikatokea kwenye jumuiya, bila mkutano. Mke wa jirani mmoja aliumwa presha, akawa bado anatembea na kupika, na akasema mwenyewe aitwe Padre, na asubuhi yake apelekwe kliniki. Hakuna aliyeleta kuni. Nilimsindikiza Padre kwa mkongojo. Yule mama alitukaribisha kwa chai, na anadunda mpaka leo.

Majibu yalikuja mvua zimekolea. Tulikaa benchi, mimi na Baba Kandida, tumelowa. Nilikuwa nimeshika rozari lakini sikuwa nasali, nilikuwa nimeishika tu. Daktari akatuita, akafungua faili, akasoma kimya. Nikamwambia, "Daktari, mimi ukimya siuwezi, sema."

"Siyo saratani, mama."

"Rudia."

"Siyo saratani. Uvimbe ulikuwa wa kawaida, umetoka wote."

"Geukia upande huu umwambie na huyu, sikio lake la kushoto halisikii vizuri."

Akamwambia. Baba Kandida aliitikia kwa kichwa, akanyanyuka, akatoka. Nikamkuta kwenye baraza la hospitali amesimama anaangalia mvua. Nikasimama pembeni yake. Halafu akaanza kuongea, mwenyewe, bila kuulizwa.

"Siku ile wamekuingiza kupasuliwa, nilimwambia Mungu anichukue mimi."

Nikaizungusha rozari mkononi.

"Halafu nikafikiri. Nikamwambia hapana, subiri kwanza. Huyu hajui kupogoa kahawa, miti yote ataimaliza."

"Ukamwambiaje sasa?"

"Nikamwambia atuache wote wawili. Nikamwambia, kama wote wawili huwezi…" Akajifuta uso kwa mkono wa koti, na pale barazani mvua ilikuwa haifiki.

"Kama hawezi?"

"Nikamwambia aweze tu."

Mimi, mwenyekiti, sikuwa na la kuongeza. Nikasema amina.